Jioni ya historia hapa Kisumu: maharagwe 60, makabaila wa Hungaria na benchi iliyoniua mgongo

Wacha nianze na viti juu ndo kitu nilikua nafikiria nusu saa yote ya kwanza. Ni zile benchi za shule ya msingi, hazina pa kuegemea, na mimi mtu wa kusimama soko la Kibuye kutwa nzima nikiuza viatu, sasa unikalishe kwa mbao kavu kutoka saa kumi na moja na nusu jioni mpaka saa mbili na kitu usiku? Nyota moja nimekata hapo na sirudishi. Ukienda beba leso ukalie, ama ufike mapema ushike ule upande wa ukuta.

Kwa wale hawajui nasema nini: kuna chumba juu ya duka la vitambaa hapa katikati ya mji, unapanda ngazi zina giza, na kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuna mzee mmoja, mwalimu wa historia aliyestaafu, anafundisha yeyote anayetaka kusikia. Kiingilio ni 400, unalipa kwa simu pale mlangoni, na ndani ya hiyo 400 kuna chai ya maziwa na mandazi mawili. Hakuna cheti wala mtihani, na hakuna mtu anakuuliza ulifika darasa la ngapi. Siku yangu tulikua kama watu thelathini, kuna mama wa samaki kutoka Dunga, kuna vijana wa chuo, kuna mtu wa boda alikaa na helmeti kwa mapaja mpaka mwisho, na wazee watatu waliokua wanamwita mzee japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo.

Ukweli mimi niliingia kwa makosa. Tangazo lilikua limeandikwa "Makabaila na watu wa mji wa soko", hiyo maandishi ya chini ya Hungaria miaka ya 1500 na 1600 sikusoma, nikadhani ni mambo ya soko letu na kanjo, wale askari wa kaunti. Kufika ndani nasikia Hungaria, nikaangalia mlango, lakini 400 ilikua imeshatoka kwa simu na chai ilikua imeshaanza kumiminwa, nikakaa.

Projekta walikua nayo ila stima ilipotea dakika kumi kabla tuanze, taa ya sola ikawashwa, mwalimu akachukua chaki. Naona hiyo ilikua baraka. Alichora nchi kama mkate, halafu akaukata vipande vitatu mbele yetu: mwaka 1526 pale Mohács jeshi la Hungaria lilichapwa na Sultani Suleiman, mfalme wao Lajos wa Pili, kijana wa miaka 20, akafa akikimbia, 1541 Waturuki wakaingia Buda, mji mkuu, wakakaa, basi magharibi na kaskazini ikabaki kwa wafalme wa Habsburg, ule ukoo wa Austria, katikati ikawa ya Sultani, mashariki ikawa Transylvania yenye wakuu wake. Alifanya hiyo yote kwa dakika tano, akapangusa mikono, akasema sasa hiyo ni ya wafalme tuiache, twende sokoni.

Mji wa soko kwa lugha yao ni mezőváros, sote tulijaribu kutamka na mama wa Dunga akasema hilo jina mtu hulitoa akipiga chafya. Ni mji wa namna gani? Ni mji una siku yake ya soko kila wiki na mnada wake mkubwa wa mwaka, una mafundi na vyama vyao (washona viatu wako, nilifurahi), watu wake wanachagua mwamuzi wao na baraza lao, wanaamua kesi ndogo ndogo za mtaa, lakini ardhi yote chini ya miguu yao ina mwenyewe. Anaweza kuwa askofu, anaweza kuwa familia kubwa ya kikabaila, anaweza kuwa mfalme kwa mali yake binafsi. Ni tofauti na mji huru wa kifalme, ule bwana wake ni mfalme peke yake na mara nyingi una ukuta. Mji wa soko kawaida hauna ukuta, na una mwenye ploti, hiyo ndo maneno yangu sio ya mwalimu.

Sasa mahali pesa yangu ilirudi ni hapa. Mwalimu alitoa mfuko wa maharagwe, akaita watu 12 mbele, mimi nikiwa mmoja, akatupanga mezani, akasema nyinyi ni nyumba 12 za mji mmoja. Mwenye mji hataki kujua nani ana nini, yeye anataka maharagwe 60 kwa mwaka, mkupuo mmoja, mgawane wenyewe mjuavyo. Tukagawana, tano tano, hakuna aliyelalamika, yule mtu wa boda hata alikua anacheka. Alafu mwalimu akagusa bega la vijana wawili wa chuo, akasema nyinyi kuanzia leo ni makabaila, rudisheni maharagwe yenu mfukoni. Deni? Deni ni 60 bado. Tukahesabu, watu kumi, sita sita. Sawa, ikauma kidogo. Akaenda tena akagusa wanne. Tukabaki sita na deni ni lile lile, kumi kumi, na mimi nilikua nimepewa maharagwe nane pekee yangu kutoka mwanzo. Nikasimama hapo na maharagwe nane kwa kiganja nadaiwa kumi, na wale vijana wawili wamekaa pale wanakula mandazi wananiangalia. Nilisikia hasira ya ukweli, sio ya mchezo. Mama wa Dunga aliwaambia, "Nyinyi watoto, si mlipe hata mbili tu?" na mmoja akajibu kwa madaha, "Mama, mimi ni kabaila, silipi," watu wakaanguka kwa kicheko lakini mama hakucheka.

Na hapo ndo nikaelewa hiyo mambo kabisa, juu mimi naishi kwa ploti ya nyumba kumi na mbili, mita ya maji ni moja, bili inakuja tunagawana, na nyumba namba nne ni shemeji ya mwenye ploti. Halipi. Ana wageni kila wikendi, anaosha gari kwa mfereji, na bili yake tunailipa sisi kumi na moja. Hakuna mtu alikuja kuniibia, hakuna mtu alinitukana, ni hesabu tu imeandikwa upande wake.

Huo msamaha wa makabaila ulitoka wapi? 1514 kulikua na vita ya wakulima chini ya Dózsa György, ikazimwa vibaya sana, na mwaka huo huo bunge la makabaila likawafunga wakulima kwa ardhi, hakuna kuhama bwana ukichoka naye. Huo huo mwaka mwanasheria anaitwa Werbőczy alimaliza kitabu cha desturi za nchi, kikapigwa chapa Vienna 1517, na humo akaandika kabaila ni kabaila, tajiri na maskini haki yao ni moja: hakamatwi kabla hajaitwa na kuhukumiwa kisheria, hana bwana ila mfalme, halipi kodi wala ushuru, na mfalme akivunja hizo haki anaweza kumpinga, hiyo ya mwisho ilikua imetoka kwa hati ya mfalme Andrea wa Pili ya 1222. Kitabu hakikuwahi kupitishwa rasmi kuwa sheria lakini watu walikitumia miaka mia tatu na zaidi kama sheria, mpaka 1848 ndo makabaila wakaanza kulipa kodi kama wengine.

Sasa kabla ya Waturuki hiyo haikua shida kubwa kwa miji, kabaila alikaa shambani kwake, mwenye mji alikaa kwa ngome yake, mnakutana siku ya kuleta pesa. Shida ilianza mashamba yalipochukuliwa na makabaila wakakimbia kaskazini na magharibi, wakahitaji pa kulala, wakaanza kununua nyumba mjini. Mji unasema karibu, nunua, lakini hii nyumba imekua ikilipa sehemu yake tangu babu zetu, inalala zamu ya ulinzi, inatoa gari na ng'ombe mji ukiitishwa, na wewe utafanya hivyo hivyo. Kabaila anasema nyumba ni mawe na mbao, mimi ndo naishi humo na mimi silipi. Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili makubwa, NYUMBA na MTU, akasema ugomvi wao wote wa miaka mia mbili ukiukamua unabaki na hayo mawili: kodi inafuata nyumba ama inafuata mtu? Mimi hiyo ubao nilipiga picha kwa simu, iko hapa, nimemtumia keateka wetu, msimamizi wa ploti.

Na haikua kodi peke yake. Chukua divai. Kuuza divai kwa kilabu ilikua haki ya mwenye mji, lakini sehemu nyingi wenyeji walikua na msimu wao, kuanzia siku ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba, mpaka Krismasi, na kwenye mizabibu mingi mpaka siku ya Mtakatifu Georgi mwezi wa nne, kisha kilabu inarudi kwa bwana. Huo msimu ndo mji ulipata pesa ya kulipa deni lake. Sasa kabaila amenunua nyumba mjini, ana shamba lake la mizabibu huko nje, analeta mapipa yake anauzia hapo kwa nyumba yake wakati anataka, hana msimu, hana ushuru. Tokaj na miji jirani kama Mád na Tállya ilikua hivyo, makabaila na matajiri wa miji mikubwa kama Kassa wanamiliki mizabibu mlimani, wenyeji wanapalilia. Mtu yeyote ameuza Kibuye na akaona jamaa anashusha mali kwa pikapu pale barabarani bila kulipa ushuru wa siku anajua hiyo maumivu.

Kesi pia. Tuseme mfanyakazi wa kabaila amempiga muuza ngano siku ya soko. Mwamuzi wa mji anamwita kabaila, kabaila anasema wewe huwezi kunihukumu, tukutane mahakama ya jimbo. Na jimboni wanaokaa juu ni nani? Ni makabaila wenzake, wanachaguana wao kwa wao. Miji mingine makabaila walikua wengi mpaka wakawa na mkubwa wao wenyewe, mji mmoja una serikali mbili, barabara ni moja na matope ni yale yale.

Hapo kijana wa boda akauliza swali zuri kuliko yote ya jioni, akasema "Mwalimu, sasa kwa nini wote wasinunue hiyo ukabaila?" Mzee akachekaaa. Kumbe walijaribu! Mfalme ama mkuu wa Transylvania alikua anaweza kukupa hati yenye nembo, imechorwa rangi rangi, unakuwa kabaila hata kama huna shamba. Hati inabidi isomwe mbele ya mkutano wa jimbo ndani ya mwaka mmoja na bwana wako akubali, lakini ikishapita umepita. Miaka ya 1600 watu wa miji ya soko waliitafuta hiyo karatasi kwa nguvu, mwenye duka, fundi, mchuuzi wa ng'ombe, na kila mmoja akipata maharagwe yake yanahamia kwa jirani. Wahungaria wana majina ya kucheka kuhusu hawa watu, wanawaita makabaila wa miti saba ya plamu, yaani mali yake yote ni plamu saba nyuma ya nyumba, na wengine makabaila wa bocskor, hizo ni zile kiatu laini za ngozi za mkulima. Kama muuza viatu nilipenda hiyo sana. Mtu amevaa kiatu cha mkulima, anachunga mbuzi wake mwenyewe, na ukimdai kodi anaenda kuchukua karatasi kwa sanduku! Mwishoni mwa miaka ya 1700 makabaila walikua karibu 5 kwa kila watu 100 nchini humo, kwa Ulaya hiyo ni wengi mno.

Na kuna mahali walitoa kwa jumla. Mkuu István Bocskai alipigana vita dhidi ya Wahabsburg akitumia hajdú, hawa walikua wachunga ng'ombe waliogeuka askari wa kukodi, na 12 Desemba 1605 akawapa watu 9,254 ardhi na ukabaila kwa pamoja, walipe kwa vita badala ya kodi. Mama wa Dunga akasema hapo sawa, kama wote ni makabaila basi hakuna kabaila. Hakujibiwa juu chai ya pili ilikua inakuja.

Kitu kilinishangaza, na hapa ndo nilianza kubishana na mwalimu kichwani, ni habari za Kecskemét na Nagykőrös. Hizi zilikua ndani kabisa ya eneo la Sultani, zikawa mali ya hazina yake. Makabaila wenyewe walishakimbia, kina Koháry wenye Kecskemét wako mbali huko ngome za kaskazini, lakini hawakuacha kudai. Kwa hivyo mji unalipa Mturuki na unalipa kabaila wa mbali, mara mbili kwa ardhi ile ile. Ungedhani ni mateso matupu, na kulikua na mateso. Lakini hakuna bwana anayelala hapo! Mwamuzi na baraza ndo wanaendesha kila kitu, wanahukumu, wanakodi nyika zilizobaki tupu na kujaza ng'ombe, na ng'ombe wa Hungaria wale wakubwa wenye pembe ndefu wakati huo walikua wanatembea kwa miguu mpaka Vienna, Nuremberg na Venice, mwaka mzuri karibu laki moja. Debrecen vile vile, inalipa huku na huku na huku kwa watawala watatu, na inatajirika. Mwalimu aliipita hii kama mfano wa taabu. Mimi naona aliipita vibaya. Mimi ningechagua mabwana wawili wa mbali, hata waje na vitisho, kuliko kabaila mmoja nyumba namba nne. Wa mbali unajua siku yake ya kuja, unaweka pembeni, unampa, anaenda. Huyu wa karibu anatumia maji yako kila asubuhi na anakusalimia.

Wengine walijinunua kabisa. Kuna mji mdogo unaitwa Rust, Wahungaria wanauita Ruszt, siku hizi uko Austria, umekaa kando ya ziwa kama sisi na mwalimu anasema una korongo wanatengeneza viota juu ya mabomba ya moshi, mtu wa nyuma akasema sisi pia tuko nao, wale makorongo wa jalalani. 1681 watu wa huo mji walimlipa mfalme Leopold sarafu 60,000 za gulden na mapipa ya divai yao tamu, karibu lita 30,000, ndo wakaandikwa mji huru wa kifalme. Fikiria huo mji una watu wangapi, ni mchango wa aina gani huo. Debrecen ikapata yake 1693.

Malalamiko yangu mengine. Moja, mwalimu akichangamka anakimbia, miaka inapita kama matatu ya Kondele saa kumi na mbili, na hakuna karatasi ya kwenda nayo nyumbani, hata ukurasa mmoja wa kutoa kopi si ni bob kumi? Mbili, wanawake aliwasahau mpaka dada mmoja wa chuo akamuuliza moja kwa moja, ndo akasema mwanamke wa kawaida akiolewa na kabaila anaingia ukabaila wa mume, lakini binti wa kabaila akiolewa na fundi viatu mume habadiliki, na watoto wao walikua na jina lao kisheria, agilis, nusu huku nusu kule. Hiyo peke yake ingejaza jioni nzima na tulipewa dakika mbili. Tatu, maswali yalikatwa saa mbili na robo juu mwenye jengo anafunga geti, na kushuka zile ngazi bila stima nilitumia tochi ya simu, mzee mmoja alikosa ngazi ya mwisho, tukamshika mkono. Wekeni taa jamani.

Mandazi yalikua ya moto, chai ina tangawizi lakini si ya kukuchoma, walituongeza mara mbili bila kununa. Mtu wa mlangoni ana adabu, aliniuliza kama nimekula kabla anipe sahani. Ukitoka hapo saa hiyo magari ya Mamboleo bado yapo ila yamepanda kidogo.

Nyota nne. Alhamisi ya mwisho ijayo niko, na leso yangu. Ile picha ya ubao niliyomtumia keateka aliijibu asubuhi, akasema ameiona, imeandikwa vizuri, na bili ya mwezi huu ni 350 kwa kila nyumba, isipokuwa namba nne.